Manyuali na Otomatiki: Mwongozo Kamili wa Kuyaendesha Yote Mawili, Kuanzia Kiwanjani Hadi Mlimani

Simu ya msiba huingia usiku. Gari lenye mafuta pale nyumbani ni pikapu ya mjomba, mjomba mwenyewe macho yake hayaoni vizuri gizani, na vijana watatu wenye leseni wamesimama uani wanatazamana. Wote walijifunzia otomatiki, na pikapu ina klachi. Hali hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nimeiona pia ya upande wa pili: dereva aliyezoea lori alipewa gari dogo la otomatiki, tukafika kwenye taa, mguu wake wa kushoto ukaenda kutafuta klachi ukakuta breki. Akaikanyaga mpaka chini, kwa nguvu ile ile anayokanyagia klachi ya lori. Mikanda ndiyo iliyotudaka.

Mwongozo huu ni wa watu hao wote. Naamini dereva aliyekamilika anajua kuendesha magari ya aina zote mbili, ya manyuali (unabadilisha gia mwenyewe kwa klachi) na ya otomatiki, na tena anaelewa gia inafanya nini hata pale gari linapobadilisha lenyewe. Asiyeelewa atagundua pengo lake mlimani, na mlimani si mahali pa kugundulia mambo.

Gia zinafanya nini hasa

Injini haiwezi kuzunguka polepole kupita kiasi. Ikiwa imetulia bila kukanyagwa mafuta, nyingi huzunguka mara 700 au 800 kwa dakika, na ukiilazimisha kushuka sana chini ya hapo inazima. Magurudumu nayo hayana budi kuanzia sifuri. Klachi na gia zipo kwa ajili ya kuzipatanisha hizo pande mbili.

Gia namba moja na mbili zina nguvu nyingi na mwendo mdogo, na madereva huziita gia nzito. Namba nne na tano ni nyepesi: zina mwendo, hazina nguvu ya kubeba mlima. Kwenye manyuali, klachi ni sahani iliyobanwa na injini. Ukikanyaga, sahani inaachana na injini. Ukiachia, vinashikana tena. Unavyoviruhusu vishikane ndiyo ufundi wenyewe.

Kwenye otomatiki ya kawaida hakuna klachi ya mguu. Chukua feni mbili za mezani, zitazamanishe, kisha washa moja. Upepo wake utaizungusha ya pili, ingawa hazigusani. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna kitu cha namba hiyo, ila badala ya upepo kuna oili. Ndiyo maana gari haliizimi injini ukisimama kwenye taa likiwa D (gia ya kwenda mbele), na ndiyo maana ukiinua mguu kwenye breki linatambaa lenyewe. Kuna pia otomatiki za CVT, ambazo hazina gia za kuhesabika. Zina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Ukisikia injini inanguruma kwa sauti moja tu huku mwendo ukiongezeka, huenda umepanda gari la CVT.

Teknolojia hii si ya jana. General Motors waliweka giaboksi ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Kwetu otomatiki zimejaa kwa sababu ya Japan, ambako tangu 1991 mtu anaweza kupata leseni ya otomatiki peke yake. Magari wanayoyauza baada ya kuyatumia ndiyo yanayoteremka bandari za Dar es Salaam na Mombasa, tayari na usukani wa kulia unaotufaa.

Manyuali: siku ya kwanza

Tafuta uwanja wa mpira au barabara ya vumbi isiyo na watu, uwe na leseni ya kujifunzia na mtu mzoefu pembeni yako. Vaa viatu vyenye soli nyembamba. Ndala ziache nyumbani. Sogeza kiti mpaka mguu wa kushoto uweze kuifikisha klachi sakafuni huku goti likiwa bado limekunjwa kidogo. Ikibidi ujinyooshe kuifikia, uko mbali.

Kabla ya kuwasha, zima redio na ucheze na gia. Kanyaga klachi, peleka moja, rudisha nyutro (hakuna gia iliyoshika), peleka mbili, mpaka mkono wa kushoto ujue njia bila macho. Tazama mchoro ulio juu ya kirungu cha gia ujue rivasi iko wapi, kwa sababu hutofautiana: mengine unainua pete, mengine unabonyeza chini kwanza. Gia ikiwa nyutro, kirungu kinacheza huru kushoto na kulia. Kitikise kila mara kabla ya kuwasha. Gari lililoachwa kwenye gia huruka mbele ukiliwasha bila kukanyaga klachi.

Sasa zoezi ambalo ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila mwanafunzi alifanye kwa siku nzima: kutafuta mahali klachi inaposhika.

Washa gari kwenye tambarare. Klachi chini kabisa, gia namba moja, hendibreki imeachiwa, mguu wa kulia umeinuliwa juu ya breki. Usiguse mafuta. Weka kisigino cha kushoto sakafuni, kisha inua unyayo kidogo kidogo, unene wa kidole kwa wakati. Itafika mahali sauti ya injini inazama, usukani unatetemeka kidogo, na pua ya gari inataka kuinuka. Hapo hapo, simamisha mguu. Usiuachie. Hesabu moja, mbili, tatu. Gari litaanza kutambaa. Ndipo uachie kiasi kilichobaki. Kisha kanyaga klachi, kanyaga breki, simama, rudia mara ishirini.

Mimi nilifundishwa na mjomba kwenye uwanja wa shule huko Lushoto. Baada ya kuzimisha pikapu yake mara kama sita, aliniambia nivue kiatu cha kushoto. "Mwanangu, unaisikiliza kwa masikio tu. Isikilize na kwa unyayo." Bila kiatu niliuhisi ule mtetemo ukipanda kutoka kwenye pedeli, mdogo kama simu inayoita mfukoni. Tangu hapo sikuzimisha tena siku ile. Kiatu nilikirudisha tulipotoka barabarani.

Wengi huzimisha gari kwa sababu wanaachia mguu mara tu linapojongea. Ile nukta ya kushika si mwisho wa safari ya mguu. Ni katikati, na inataka subira ya sekunde moja au mbili.

Ukishaweza bila mafuta, ongeza mafuta kidogo wakati klachi inapokaribia kushika. Gari dogo la petroli linayahitaji, pikapu ya dizeli mara nyingi haiyahitaji.

Kupanda na kupangua gia

Kwa gari dogo, namba moja ni ya kuondokea tu. Ukifika kilomita 15 kwa saa weka mbili, kwenye 30 weka tatu, 45 au 50 weka nne, na tano ingoje mpaka uvuke 65 au 70. Hivi ni vipimo vya tambarare na si amri. Sikio ndilo hakimu: injini ikilia kwa juu inaomba gia nyepesi, ikikohoa na kutetemeka inaomba nzito. Mpangilio wa mikono na miguu ni uleule kila mara: achia mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, hamisha gia, inua klachi taratibu, rudisha mafuta.

Kupangua ndiko kunakowashinda watu. Kwanza punguza mwendo kwa breki, ndipo ushuke gia. Ukitupa namba mbili ukiwa kwenye 80, injini itapiga kelele na magurudumu yanaweza kuteleza, hasa kwenye lami yenye mvua. Ukikaribia kona au tuta, kazi ya breki na gia iishe kabla ya kuingia, ili ndani ya kona mikono yote iwe kwenye usukani.

Kusimama kabisa: kanyaga breki, na klachi uikanyage mwishoni tu, gari likikaribia kusimama. Ukiikanyaga mapema unajiondolea msaada wa injini. Katika dharura, zikanyage zote mbili kwa nguvu, injini ikizima si neno.

Tabia mbili zinaua klachi haraka: kuegesha mguu juu ya pedeli wakati wa safari, na kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Harufu kali kama ya karatasi na mpira vinavyoungua ndiyo sahani yako inayokwenda.

Kuondoka kwenye mwinuko

Ukiwa Dar es Salaam, mahali pa kuiogopa hatua hii ni foleni inaposimama kwenye mpando wa daraja la Mfugale pale Tazara. Nyuma yako daladala limekugusia pua, na bodaboda mbili zimejipenyeza katikati. Fanya hivi. Vuta hendibreki. Klachi chini, namba moja. Kanyaga mafuta mpaka injini inyanyue sauti kidogo na kutulia hapo. Inua klachi mpaka ile nukta ya kushika, utaona pua ya gari inainuka na nyuma inachuchumaa. Gari sasa linataka kwenda lakini hendibreki imelizuia. Ndipo ubonyeze kitufe cha hendibreki na kuishusha, huku ukiongeza mafuta na kumalizia klachi. Halitarudi nyuma hata kidogo.

Honi za nyuma zisikuharakishe. Ikizima, kanyaga breki, vuta hendibreki, anza upya. Zoezi hili lijifunze kwanza kwenye mwinuko mtupu, jiwe kubwa likiwa nyuma ya tairi.

Otomatiki: mguu mmoja tu

Mguu wa kushoto hauna kazi. Uegeshe kwenye kituo chake pembeni na uusahau. Wa kulia ndio unaohama kati ya breki na mafuta, na hivyo hauwezi kuvikanyaga vyote kwa pamoja. Aliyetoka kwenye manyuali aurudishe mguu wa kushoto nyuma kabisa chini ya kiti kwa wiki ya kwanza, mpaka usahau kutafuta klachi.

Herufi sasa. P ni ya kuegesha: jino la chuma huingia ndani ya giaboksi na kuzuia magurudumu yanayoendeshwa. R ni rivasi, N ni nyutro, D ni ya kwenda mbele. Magari mengi ya Japan yana pia 2 na L chini ya D, au S, au B, za kulibakiza gari kwenye gia nzito. Wengi hununua gari na kuliuza bila kuzigusa hata siku moja. Pembeni ya kirungu huwa pia na kitufe cha O/D. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, na gari linanyimwa gia yake nyepesi kuliko zote. Hiyo ni kwa ajili ya milima na kuvuta mzigo. Kwenye tambarare, taa hiyo ikiwaka siku nzima unachoma mafuta bure.

Kanyaga breki, washa, toa P, peleka D, achia breki, liache litambae kidogo, kisha mafuta. Kati ya D na R gari lazima lisimame kabisa. Wanaorusha rivasi huku gari bado linasogea mbele wanaitafutia giaboksi fundi.

Kuegesha kwenye mteremko kuna mpangilio wake, na karibu kila mtu anaukosea. Simama kwa breki, weka N, vuta hendibreki, achia breki ya mguu taratibu mpaka uzito wa gari ukae kwenye hendibreki, kisha kanyaga tena breki na uweke P. Ukianza na P, uzito wote unaning'inia kwenye lile jino. Utalisikia siku inayofuata ukitoa P: gari linapiga "kong!"

Kuovateki kunataka tahadhari. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, otomatiki inashuka gia yenyewe kupata nguvu, lakini huchukua muda, pengine sekunde nzima. Sekunde hiyo ihesabu kabla ya kutoka kwenye njia yako, si baada ya kuliona lori linakuja.

Kwenye tope tumia L au 2 na mguu mwepesi. Kwa manyuali ondoka na namba mbili. Gari likikwama usizungushe matairi dakika nzima, oili ya giaboksi inachemka. Na likiharibika njiani, otomatiki lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini: injini ikiwa imezimwa, pampu ya oili ya giaboksi haifanyi kazi, na vyuma vinasagana vikavu. Libebwe. Manyuali hapo lina raha yake. Hata betri ikifa, washa swichi, klachi chini, gia namba mbili, watu wasukume, likishika kasi achia klachi ghafla na uikanyage tena. Limeshtuka. Otomatiki huwezi kulishtua hivyo.

Ununue lipi?

Kwa mjini, kwa foleni za barabara ya Mandela pale Dar es Salaam au Thika Road ya Nairobi, nunua otomatiki na usimsikilize anayekucheka. Kwa shamba, mzigo, na sehemu ambako fundi aliye karibu ni wa trekta, manyuali. Ya otomatiki ibadilishwe oili ya giaboksi kwa aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na ya CVT isichanganywe kamwe na ya otomatiki ya kawaida. Kwa ndugu walioko Uingereza: ukifanyia mtihani kwenye otomatiki, leseni yako haikuruhusu kuendesha manyuali, kwa hiyo fikiria kabla ya kulipia masomo.

Mlimani

Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha.

Barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo ina kilomita kama 33. Ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na kona baada ya kona kupita Soni. Mara ya kwanza kuishuka na otomatiki nilikuwa nimeazima gari, abiria watatu na magunia ya viazi nyuma. Niliweka D kama nilivyozoea, mguu kwenye breki kuanzia juu. Chini ya Soni nikasikia harufu. Nikadhani ni lori lililo mbele. Kisha pedeli ikaanza kuwa laini, ikishuka zaidi kila nikikanyaga. Nilipata mahali papana nikasimama, na magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwepesi wa bluu.

Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua ni joto. Zikisuguliwa bila kupumzika, pedi zinapoteza mshiko, na oili ya breki inaweza kuchemka na kutoa mvuke ndani ya mipira. Mvuke unabonyea, ndiyo maana pedeli inazama. Lakini gari lina breki nyingine ambayo haichoki: injini yenyewe. Likiwa kwenye gia nzito na mguu umeinuliwa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini inayapinga.

Kanuni ya madereva wa zamani ni kuteremka na gia ile ile ambayo ungepandia. Ipange juu, kabla mteremko haujaanza, mwendo ukiwa bado mdogo. Kwa manyuali ni namba mbili au tatu. Kwa otomatiki, zima O/D, punguza mwendo kwa breki mpaka kama 40, kisha shusha kirungu kwenye 2. Mteremko ukiwa mkali, punguza zaidi na uweke L. Kwa CVT tumia S, L au B kulingana na gari lako, na kwa haibridi (gari la injini na mota ya umeme) ni B. Mshale wa resi, yaani wa mizunguko ya injini kwa dakika, utapanda mpaka 3,000 au hata 4,000, na injini italia. Usiogope. Maadamu haujakaribia alama nyekundu, haiharibiki kitu. Gari likizidi kasi hata hivyo, kanyaga breki kwa nguvu, lishushe chini ya mwendo unaoutaka, uachie kabisa. Kanyaga na uachie. Mguu usikae juu ya pedeli.

Na kamwe usiteremke nyutro. Kitonga mkoani Iringa na Salgaa nchini Kenya watu wanazijua kwa sababu ya ajali za malori yaliyowekwa frii, yaani nyutro, ili kuokoa mafuta. Akiba yenyewe kwa magari ya sasa haipo: ukiteremka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta ya injini hukata mafuta kabisa, ilhali ukiwa nyutro injini inaendelea kuyanywa ili isizime.

Breki zikipotea, usizime injini. Ukiizima, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga. Shuka gia moja baada ya nyingine, vuta hendibreki kidogo kidogo huku umebonyeza kitufe chake, tafuta mpando au ukingo wa udongo wa kujisuguzia. Ukifanikiwa kusimama, weka mawe kwenye matairi, kaa nusu saa. Usimwage maji kwenye diski zenye moto, zinapinda au kupasuka.

Siku ile ya moshi tulikaa pale tukila peasi mpaka pedeli ikawa ngumu tena. Nikaweka 2, baadaye L, tukateremka na kilio cha injini hadi Mombo, abiria wakiniuliza kama gari limeharibika. Chini nilishuka nikasogeza mgongo wa mkono karibu na rimu ya mbele. Ilikuwa na vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.